Diploma ya famasia, advance au kozi ya duka la dawa muhimu, kipi kinamfaa mdogo wangu?

Mwana_Songea:
Wakuu habari za jioni. Mdogo wangu wa kike kamaliza form four, kemia C, baiolojia C, fizikia D, hesabu tusiiseme. Anataka kazi ya dirishani, kugawa dawa, toka yuko la tano anasema hivyo. Njia ziko tatu: diploma ya famasia miaka mitatu, au aende advance (form five na six) halafu digrii, au (hii ni ya jirani) apige ile kozi fupi ya duka la dawa muhimu (yale maduka madogo ya dawa ya mtaani) aanze kuingiza hela. Ada ni mimi na bodaboda yangu moja. Naomba uzoefu, kejeli mkae nazo.

mseto24:
Hiyo ya jirani iweke pembeni mkuu, siyo mbaya ila ni kitu kingine. Inamruhusu kutoa dawa kwenye duka la dawa muhimu basi, hospitali hawamtambui kwa hiyo karatasi, na wewe wa Songea hayo maduka unayajua, si yalianzia hukohuko Ruvuma 2003.

Diploma inapanda kwa ngazi za vyuo vya ufundi, NTA level 4, 5 halafu 6, mwaka mmoja mmoja. Ukikwama ada akiwa amemaliza level 5 anatoka na cheti, anashika kazi ya msaidizi huku mnajipanga upya. Kwa mtu anayelipa kwa boda hilo ni jambo kubwa.

Ila ajue dirishani si kuhesabu vidonge tu. Wiki yangu ya kwanza field (mafunzo ya vitendo hospitali) nilimpa mzee mmoja dawa ya mseto, ile ya malaria, nikamwambia vidonge vinne asubuhi vinne jioni siku tatu, akaondoka. Incharge, msimamizi wetu, akamkimbilia mpaka getini akamrudisha, akaniuliza mbele yake, dozi ya pili umemwambia saa ngapi? Nikaduwaa. Dozi ya pili ni masaa 8 baada ya ile ya kwanza, zinazofuata ndo kila baada ya masaa 12, vidonge 24 viishe vyote na ameze na chakula chenye mafutamafuta. Na hayo yote nilikuwa nayajua, kwenye mtihani nilipata A!

Kipimajoto:
Mi nasema advance. Mfamasia wa digrii ndo anasimamia famasi, huyo wa diploma atafanya kazi chini yake mpaka anastaafu.

mseto24:
@Kipimajoto piga hesabu basi. Advance miwili, digrii minne, internship mwaka, jumla saba, na PCB (fizikia, kemia, baiolojia) akiteleza anarudi hapahapa kwenye diploma akiwa kazeeka. Wa diploma akitoka na GPA nzuri anaomba digrii baadaye, tena kwa hela yake mwenyewe.

Bi_Tabora:
Nyie mnabishana diploma na digrii, mi nauliza chuo gani? Maana mimi nilisoma cha binafsi (jina naliacha) darasani tuko themanini na kitu, maabara ina mizani mbili na moja imekufa, mafuta ya kupaka tulifundishwa kutengeneza kwa kuchorewa ubaoni. Ada waliyonitajia siyo niliyolipa, ikaja hosteli, koti, michango ya field, mitihani, baba akauza ng'ombe wawili. Angalia kwanza kama NACTVET (wanaosimamia vyuo vya ufundi) na Baraza la Famasi wanakitambua halafu nenda mwenyewe siku ya kazi, omba kuingia maabara. Wakianza kutafuta funguo, geuza boda.

Shiru_Thika:
Huku Kenya shida ni grade, KMTC (chuo cha serikali cha afya) bila C plain hata usijisumbue, na chem na bio wanaziangalia pia. Ni 3 years, halafu kuna mtihani wa Pharmacy and Poisons Board ndio uwe pharmtech, yaani fundi dawa wa diploma. Nyinyi mko na bahati na hizo D zenu 😂

Mwana_Songea:
Shiru umetupiga dongo lakini sawa 😅 Bi Tabora asante dada, hilo la maabara sikuwa nalo kabisa. Basi ni diploma, dogo mwenyewe kasoma hapa nyuma ya bega langu anasema kamuonea huruma yule mzee wa mseto. Jumatatu naenda kukiona chuo, mizani nazihesabu mwenyewe. Jirani nimeshamwambia, kanuna.

Bi_Tabora:
Usizihesabu tu, ziwashe.