Waliojifunza Kichina: neno 打 (dǎ) lilikukaaje? Tupeane uzoefu

#1
Wakuu, habari za jioni. Kamusi inaniambia dǎ ni kupiga. Sawa. Mbele kidogo nakuta dǎ diànhuà, dǎ zhēn, dǎ pēntì, na yote yamekaa kama ya kwetu: kupiga simu, kupiga sindano, kupiga chafya. Hata radi inapiga, dǎ léi. Wanafunzi wa Kizungu darasani wanakesha kuyakariri, mimi nateleza tu. Ila mteremko umeishia hapo, kuna dǎ nyingine Kiswahili hakinisaidii kabisa. Waliotangulia, leteni ya kwenu.

#2
Mkuu, nilisoma Wuhan. Bwenini kuna dǎ shuǐ, unabeba chupa yako ya chai kwenda kuchota maji ya moto. Kantini ni dǎ fàn: unapanga foleni, unanyoosha trei, mama wa jikoni anakutilia wali. Mvua ikinyesha, dǎ sǎn, kujifunika mwavuli. Kufuma sweta nako ni dǎ máoyī! Hapo niliinua mikono.

#3
Sisi wa Kariakoo tunaofuata mzigo Guangzhou, dǎ yetu ni dǎ zhé, kupunguziwa bei. Mnaoanza, fungueni macho. Bango likiandikwa 打八折, msidhani bei imeshuka kwa asilimia 80. Hiyo 八 ni nane, na ndiyo unayolipa: shati la yuan 100 unatoa 80. Likiandikwa 打八五折, unatoa 85. Kijana mmoja niliyekuwa naye alishajaza mabegi, muuzaji akamgeuzia kikokotoo aone jumla. Jasho lilimtoka na kiyoyozi kinavuma. Akaanza kurudisha moja moja, muuzaji amenuna.
Halafu hotelini chakula kikibaki, sema dǎ bāo, wanakufungia. Hiyo sijawahi kuisahau, haha.

#4
Salamu kutoka Nairobi. Mwalimu wetu alitukataza kuuliza "dǎ maana yake nini?" Alitaka tushike na neno linalofuata, zote mbili kwa mpigo. Dǎ sǎo, kufagia na kusafisha. Dǎ suàn, kupanga kufanya jambo. Dǎ gōng, kufanya kibarua. Kwangu ilisaidia kuliko kamusi.

#5
Naongezea kwa #3: ukienda kununua soksi kwa jumla utakuta 一打. Herufi ni ileile, ila sauti inapanda, dá, na maana yake ni dazeni. Hesabu 12 kabla hujalipa.