Tupeane uzoefu: kuchagua projekta ya sinema ya nyumbani, ipi ni Full HD au 4K ya kweli?

Wakuu, habari za jioni.

Nimefungua uzi huu kwa sababu jambo hili limenigharimu na sitaki limgharimu mwingine. Mwaka juzi nilinunua projekta mjini. Boksi limeandikwa 4K kwa herufi za dhahabu, chini yake lumeni (kipimo cha mwanga) 9,500. Nikalipa laki tatu na themanini, nikarudi nyumbani na furaha yote. Watoto wakakaa mkekani, mama yao akakaanga bisi, taa tukazima. Picha ikajaa ukuta mzima, watoto wakapiga makofi.

Mpira ulipoanza, namba za mgongoni zikawa madoa. Pale juu kwenye kona, dakika na matokeo havisomeki mpaka nisimame na kusogea ukutani. Nikadhani ni fokasi tu, nikazungusha pete ya lenzi karibu nusu saa: katikati ikikaa sawa, pembeni inaingia ukungu, pembeni ikikaa sawa, katikati inapotea. Kipindi cha pili nilichukua kijitabu cha maelekezo. Ukurasa wa mwisho, kwa maandishi madogo kabisa: rezolusheni asilia, yaani idadi ya vidoti vya kioo chenyewe cha ndani, 800 × 480. Ile 4K ya kwenye boksi maana yake mashine inaweza kupokea video ya 4K, kisha inaibana iingie kwenye kile kioo chake kidogo.

Nikapiga hesabu usiku uleule. 800 mara 480 ni vidoti 384,000. Full HD, yaani 1920 × 1080, ni vidoti 2,073,600. 4K ya majumbani, 3840 × 2160, ni 8,294,400. Kwa hiyo kile nilichouziwa hakifiki hata sehemu moja ya ishirini ya kilichoandikwa.

Sasa nimejipanga upya. Nimetenga milioni tatu, sebule ina urefu wa mita 4.1 na ukuta wa mita 3.6, nataka picha ya inchi 100. Naomba mtoe uzoefu wenu wenyewe, wa kifaa ulichokaa nacho chumbani.

Fundi wa Njiro:

Pole sana mkuu. Mimi nafunga projekta kwenye kumbi za mikutano Arusha, na nyumba kadhaa za watu, na hili lako naletewa karibu kila mwezi. Swali la kwanza dukani liwe moja: rezolusheni asilia ni ngapi? Muuzaji akijibu "inakubali 4K", hajakujibu.

Na usimalizie kwa maneno. Mimi nina picha kwenye kompyuta, mistari myeusi na myeupe, kila mstari upana wa kidoti kimoja, saizi ya 1920 × 1080. Naweka kompyuta itoe 1920 × 1080, nazima kistoni (ile ya kunyoosha picha iliyopinda), naiwasha. Kama kioo cha ndani kweli ni Full HD, ukisogea karibu unaona mstari mmoja mmoja umekatika safi. Kama siyo, utaona kijivu kimevurugika, au mawimbi mapana kama maji yanayotembea. Dakika mbili tu, na hakuna boksi linaloweza kudanganya hapo.

Kwenye 4K kuna madaraja, watu wayajue. Projekta nyingi za DLP, zinazorusha picha kwa vioo vidogo sana, za bei ya kati zina chipu ya inchi 0.47 yenye vioo vidogo 1920 × 1080. Chipu hiyo inachora kila picha mara nne, kila mara ikisogeza vidoti kidogo sana, kwa kasi ambayo jicho linaona picha moja. Huo si wizi, vidoti milioni 8.3 vinafika kweli kwenye skrini, na nimeukalia huo mfumo nikaupenda. Zile zenye 4K asilia kabisa, kidoti kwa kidoti, ni kama za Sony na JVC za sinema za nyumbani, na bei yake ni ya kununua gari.

Halafu lumeni. Tafuta neno ANSI au ISO, yaani viwango rasmi vya kupimia, mbele ya namba, vinginevyo ichukulie kama pambo. Na usihangaike na maelfu. Kumbi za sinema hulenga mwanga wa kandela 48 kwa mita ya mraba. Skrini yako ya inchi 100 ina upana wa mita 2.21 na kimo cha mita 1.25, eneo kama mita za mraba 2.76. Kwa skrini nyeupe ya kawaida, lumeni 420 hivi za kweli zinakufikisha hapo, chumba kikiwa giza totoro. Giza ndilo la kutafuta. Projekta haina rangi nyeusi ya kumwaga ukutani; weusi wa picha ni weusi wa chumba chako. Acha taa ya sebuleni ikiwaka, na weusi wote kwenye filamu unakuwa rangi ya huo ukuta.

Binti Kibokoni:

Hapo kwa giza Fundi amesema kweli, nami nina ushahidi. Nyumba yetu ni ya Mji wa Kale, Mombasa, kuta zimepakwa chokaa nyeupe. Nilinunua Full HD ya kweli, nzuri, lakini filamu za usiku zilikuwa kama zimenyunyiziwa unga. Madirisha nilifunga, taa nilizima, na bado. Siku moja nikageuka nyuma filamu ikiendelea, nikaona chumba kizima kinang'aa: mwanga unatoka skrini, unagonga dari na kuta nyeupe, unarudi skrini.

Nilienda Barabara ya Biashara, nikanunua kitambaa kizito cheusi, nikashona mapazia ya dirisha na mengine mawili ya kuta za kando, mita moja na nusu kutoka skrini. Yanateleza kwa reli, wageni wakija yanarudi kando. Dari nikapaka rangi ya kahawia iliyokolea, sehemu ya mbele tu. Wallahi nilidhani nimebadilisha mashine. Nywele nyeusi juu ya koti jeusi zikaonekana, uzi kwa uzi.

Kistoni nayo muiogope. Mwanzo niliweka projekta kwa rafu ya pembeni nikaacha ijinyooshe picha yenyewe. Picha ikawa mstatili sawa, ila maandishi yakawa na kingo butu, kwa sababu mashine inatupa vidoti vya kando ili kuunda umbo. Nilipoihamisha katikati, mbele kabisa ya skrini, nikazima kistoni, uwazi ukarudi. Kama unaweza kupata yenye lenzi inayosogezwa juu na chini kwa mkono, chukua hiyo.

Kwa walio pwani: hewa yetu ina chumvi na unyevu. Mashine iliyofungiwa kabatini miezi mitatu inaota ukungu kwenye lenzi. Yangu naiwasha kila wiki hata kama sina la kutazama, na nikiiweka naiweka na vile vipakiti vya kunyonya unyevu.

Mkazi wa Nyegezi:

Wapwani wana chumvi, sisi Mwanza tuna wadudu wa ziwani. Msimu wao wakija kama moshi, wanafuata mwanga, na feni ya projekta inawavuta. Nilifungua kichujio baada ya wiki mbili nikakuta kimefunikwa kama kwa blanketi la kijivu. Nasafisha kila Jumamosi.

Ila kilichoniumiza ni balbu. Projekta yangu ni ya taa, imeandikwa saa 4,000. Taa hizi zinafanya kazi kwa joto kali, na ukizima, feni inaendelea kuzunguka kuipoza. Umeme ukikatika ghafla, feni inasimama na taa ikiwa moto wa kuoka. Yangu ilikatikiwa hivyo mara nyingi, na ilipofika saa 1,300 hivi ikapasuka, pa! katikati ya filamu. Ndani ya taa hizo kuna zebaki, kwa hiyo nilitoa watoto, nikafungua madirisha yote, nikasubiri. Sasa nina UPS ndogo, kile kifaa cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika. Haihitaji nguvu ya kumalizia filamu. Dakika kumi zinatosha kuzima kwa utaratibu. Aliye na uwezo achukue ya leza au LED, wanaandika saa 20,000 na kuzima ghafla hakuziumizi kama hivi.

Mama Zawadi:

Mimi niko Nairobi, na yangu ni fupi lakini tafadhali msilipite. Mume wangu alinunua DLP nzuri sana. Yeye anaona picha safi. Mimi kila nikihamisha macho naona vipande vyekundu, kijani na buluu vikimeta pembeni mwa maandishi meupe, na baada ya saa moja kichwa kinaniuma. Alidhani nina tatizo la macho mpaka daktari akaniambia macho ni mazima.

Chanzo ni kwamba DLP ya chipu moja haitoi rangi zote kwa pamoja. Inatoa nyekundu, kisha kijani, kisha buluu, haraka haraka, na ubongo unaziunganisha. Watu wengi hawaoni kitu, wengine tunaona. Tulibadilishana na jirani ambaye alikuwa na ya 3LCD, hiyo inatoa rangi tatu kwa mara moja, na kichwa kikapona. Nenda dukani na kila mtu atakayekaa sebuleni kwako. Waambie watazame maandishi meupe kwenye giza, na wahamishe macho kushoto kulia.

Mzee wa Muttrah:

Assalaam aleikum wanangu. Mimi niko Oman, kwetu asili Unguja. Hapa majlis, yaani sebule ya wageni, ina madirisha makubwa na wageni hawakai gizani, kwa hiyo ushauri wa mapazia kwangu haukuwezekana. Nilichukua ile ya leza inayokaa chini kabisa ya ukuta, sentimita 25 hivi kutoka ukutani, inarusha picha kwenda juu. Mtoto akipita mbele hakuna kivuli. Nimeiwekea skrini maalumu yenye matuta madogo sana: mwanga unaotoka chini inaurudisha kwa mtazamaji, unaotoka darini inaukataa. Saa kumi jioni, jua bado liko nje, naona mpira vizuri.

Angalizo mbili. Skrini iwe ngumu na bapa. Nilijaribu kwanza kitambaa cha kuteremsha, na kwa kuwa mwanga unakuja kwa mlalo, kila kikunjo kilionekana kama wimbi. Na wajukuu wanapenda kuchungulia ule mwanga unapotoka. Yangu inajipunguza mtu akisogea, lakini hata hivyo nimeweka meza mbele.

Kijana wa Tabata:

Milioni tatu si ununue TV ya inchi 75 uishie hapo? Mchana na usiku inawaka.

Fundi wa Njiro:

Kama familia inatazama mchana taa zikiwaka, nakubaliana nawe, na nimewahi kumrudisha mteja kwenye TV kwa sababu hiyohiyo. Lakini inchi 100 ina eneo mara 1.8 ya inchi 75. Aliyekua akilipia kiti banda umiza anajua kwa nini mtu anataka kitu kikubwa mbele yake na watu wengi pembeni.

Dogo wa Ntinda:

Shikamooni. Kampala hapa. Yangu ni Full HD kweli, nimeipima kwa mistari, lakini Netflix ya ndani yake ilikuwa na ukungu. Kumbe mfumo wake wa Android hauna kibali cha kucheza HD cha Netflix, kwa hiyo inashushwa hadi ubora wa chini, hata intaneti iwe kali namna gani. Nikanunua kijiti cha kuchomeka kwenye tundu la HDMI, chenye kibali, ukungu ukaisha. Na 4K ya Netflix inataka kama megabiti 15 kwa sekunde, Full HD 5. Pima ya kwako kabla ya kulipia vidoti usivyoweza kuvijaza.

Mwenye uzi:

Wakuu, asanteni sana, na Mzee wa Muttrah, waaleikum salaam, shikamoo. Narudi na majibu baada ya wiki tatu.

Nilikaa na hesabu kwanza. Kwenye inchi 100, kidoti kimoja cha Full HD kina upana wa milimita 1.15. Jicho zima linaweza kukitenga kidoti hicho kama umekaa chini ya mita nne hivi. Sisi tunakaa mita 3.2, kwa hiyo 4K ningeiona tofauti yake, sikatai. Lakini tunachotazama zaidi ni mpira, na king'amuzi chetu kinatoa HD. Nikaamua Full HD ya kweli ya 3LCD, ya taa, nikaweka akiba ya UPS na mapazia. Mke wangu alikuja dukani akahamisha macho kama Mama Zawadi alivyoelekeza.

Duka la kwanza walikataa nisiunganishe kompyuta. Nikatoka. La pili walikubali, na mashine ya kwanza waliyoisifu ikaonyesha mawimbi. Muuzaji mwenyewe alishangaa, akainama kuangalia. Ya pili, mistari ilikatika kama nyuzi za chandarua. Nikalipa milioni mbili na laki tatu.

Uwiano wake wa umbali ni 1.5, maana yake upana wa mita 2.2 unataka mita 3.3, nikafunga kishikio darini hapohapo, katikati, kistoni imezimwa. Jumapili mtoto wa mwisho akiwa mkekani, mgongo ukutani, alisoma dakika za mpira kabla yangu.

Fundi, limebaki moja. Feni inasikika kwenye sehemu tulivu za filamu. Nikiiweka hali ya kubana matumizi ya taa inanyamaza, ila naogopa picha itafifia.

Fundi wa Njiro:

Iweke hiyohiyo ya kubana. Kwa giza la mapazia yako, lumeni zitakazopungua hukuwa na kazi nazo, na taa itaishi zaidi. Utapandisha siku ya fainali tu, mlango ukiwa wazi na majirani wanaingia.