Tupeane uzoefu: ulishawahi kupanda mlima huku roho iko mkononi kwa kuogopa wanyama?

Mtoto wa Temeke (mleta uzi):
Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni wa Dar, mnyama mkubwa niliyemzoea ni mbuzi wa jirani. Mwaka jana wenzangu wa kazini walinishawishi tukapande Mlima Meru kule Arusha, nikakubali kwa mdomo tu. Wiki mbili kabla ya safari usingizi ulikata, nikifumba macho namwona simba. Nilipofika ndipo naambiwa kule simba hawapo. Yaani nimeteseka wiki mbili kwa ajili ya mnyama asiyekuwepo.

Pale lango la Momella mnakabidhiwa askari mwenye bunduki, hampandi bila yeye. Wenzangu walipoiona bunduki wakatulia. Mimi ndiyo kwanza tumbo likavuruga: kama kuko shwari, bunduki ya nini? Askari wetu alikuwa mtu mzima, mpole, maneno machache. Masharti yake: kaeni nyuma yangu, msiachane, nikiinua mkono simameni, na asikimbie mtu.

Saa moja haijaisha, mkono ukainuka. Mbogo. Kulikuwa na kundi zima mbali kwenye uwanda linakula majani, hilo hata hakulijali. Alichokiona ni dume moja zee limelala kwenye tope kando ya njia, pembe ya kushoto imekatika ncha, ndege wanaokula kupe wamejaa mgongoni. Likanyanyuka. Tope likawa linachuruzika tumboni, pua imeinuliwa juu, linanusa. Nilikamata begi la dada aliyekuwa mbele yangu nikalivuta mpaka nusura aanguke chali (hajanisamehe hadi leo). Askari hakuinua bunduki. Alipiga kitako cha bunduki kwa kiganja, mara mbili, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Haya mzee, tupishe tupite." Likageuka taratibu, likaingia kichakani.

Mbele kidogo akatueleza. Kundi lina macho mengi, likiwahi kuwaona linajiondokea. Wa kuogopwa ni dume lililozeeka likaachana na wenzake, linalala peke yake vichakani, na ukilishtukia kwa karibu halina mjadala. Ndiyo maana alitaka tupige stori tukitembea. Mimi nilikuwa nimenyamaza tangu getini nikidhani ndiyo usalama.

Usiku tukalala vibanda vya Miriakamba, mita kama 2,500. Choo kiko nje. Nimetoka saa nane, namulika, macho sita yanawaka. Nilisimama mlangoni sijui dakika ngapi, haja yenyewe ikasahau ilichokuja kufanya. Kumbe ni pongo, jamii ya swala, wanakula majani pale pale karibu na vibanda kama mbuzi wa nyumbani.

Haya, na nyie fungukeni.

Mpagazi Mstaafu:
Mleta uzi umenikumbusha mbali. Nimebeba mizigo Kilimanjaro miaka kumi na moja. Kwa njia ya Lemosho usiku wa kwanza mnalala kambi ya Mti Mkubwa, msituni kabisa. Usiku mmoja mgeni katoka hemani amefunga begi lote, anataka kushuka saa hiyo hiyo. Anasema kuna mtu anachinjwa. Na kweli ukisikia ile sauti mara ya kwanza huwezi kumlaumu: inaanza kwa kukwaruza, kama mlango wenye bawaba mbovu, inapanda, inapanda, halafu inaishia kwa yowe. Huyo ni perere. Mnyama ukubwa wa sungura, anaishi juu ya miti. Nilimweleza, akakataa. Alikubali kurudi hemani baada ya mimi kuhamishia godoro langu mlangoni pake.

Alfajiri mbega, wale kima weusi wenye manyoya meupe, nao wakaanza kuunguruma kama pikipiki ya zamani inayogoma kuwaka. Nikamsikia humo ndani anasali.

Ila kwa uzoefu wangu mnyama aliyetutia hasara kuliko wote ni kunguru. Pale kambi ya Barranco anafungua zipu, anachukua biskuti, na anakuangalia usoni.

Wa Nyahururu:
Sisi huku Kenya story ni ndovu. Tulienda Elephant Hill, ile ya Aberdare, tukaanzia kituo cha misitu cha Njabini na askari wawili. Jina la mlima lilikuwa limetuonya mapema lakini nani husikia. Kwa mianzi ukungu ukashuka, huoni hata mwenzako wa tatu. Askari wa mbele akainama, akaweka mkono juu ya kinyesi. Kilikuwa bado kinatoa mvuke. Hakusema kitu, akatuonyesha tu kidole mdomoni.

Tulikaa chini hapo karibu dakika arobaini. Hatukuona ndovu hata mmoja! Tulisikia mianzi ikivunjika, pa! pa!, halafu sauti ingine ya chini sana, nikadhani ni radi ya mbali. Askari akaninong'oneza ni wao wenyewe wananguruma kwa koo. Hapo ndipo miguu ilianza kutetemeka yenyewe, nikaishika na mikono. Akachukua vumbi kavu mfukoni, kweli alikuwa amelibeba mfukoni, akaliachia kuona upepo unaenda wapi, kisha akatuzungusha upande ule mwingine. Tulifika juu tukiwa tumelowa, na sikupiga picha hata moja.

Bibie Moro:
Watu mnalipa hela mkatafute mbogo? Mimi milima ya Uluguru natembea na fimbo kwa ajili ya nyoka, basi. Napiga chini mbele yangu, anasikia mtikisiko anaondoka. Bado mmoja alinipitia juu ya kiatu. Mwembamba, wa kijani. Sikupiga kelele, sauti haikuwepo.

Chini ya Meru:
Nasoma hapa nacheka na kusikitika kwa pamoja. Nimezaliwa kijiji kinachopakana na hifadhi. Nyie hofu mnaifuata kwa nauli, sisi inakuja kwenye mahindi. Nikiwa darasa la tano nililala kwenye kidungu na baba tukilinda shamba, tembo wakiingia tunapiga madebe. Baadaye tukafundishwa kupaka kamba pilipili iliyochanganywa na oili chafu ya gari, tunazungushia shamba. Inasaidia, mvua ikinyesha unapaka upya. Mpaka leo nikisikia tawi limevunjika usiku naamka nikiwa nimekaa, hata nikiwa gesti mjini Arusha.

Mgeni wa Jumamosi:
Na chui je? Napanda Meru Jumamosi hii, naomba jibu la kweli.

Mpagazi Mstaafu:
Chui yupo, ila kumwona ni bahati. Ukimwona usikimbie, usichuchumae, rudi nyuma polepole ukiwa umesimama wima. Kilimanjaro mwaka 1926 Mchungaji Reusch alikuta mmoja kaganda karibu na ukingo wa kreta, na hakuna anayejua alifuata nini kule juu. Mimi miaka yote hiyo nimeona nyayo tu.

Mgeni wa Jumamosi:
Asante. Na ile habari ya choo?

Mtoto wa Temeke:
Usinywe chai baada ya saa kumi na mbili, mkuu.