Kipimo cha vinasaba kwa nimonia ya watoto, huku kusini kinakwama wapi?

MamaNewala:
Wakuu habari za jioni. Mwanangu ana mwaka na miezi miwili, juzijuzi alibanwa kifua usiku tukampakia bodaboda mpaka hospitali, wakasema nimonia, akawekewa oksijeni na sindano, siku ya tatu homa iko palepale wakabadilisha dawa ndo akaanza kunyonya tena. Kinachoniuma, damu ilichukuliwa siku ya kwanza ikaoteshwe, majibu yanakuja tushafungasha vyombo na hayana kitu. Mdogo wangu yuko Dar anasema wenzetu wanasoma vinasaba vya bakteria siku hiyohiyo wanajua ni yupi. Ni kweli?

Mpimaji_Masasi:
Pole sana dada. Ni kweli kabisa. Niko maabara, kuotesha lazima umsubiri bakteria azaliane, siku mbili tatu hivi, na kama mtoto alishakunywa amoksilini ya dukani kabla hajaja, bakteria anaweza asiote kabisa. Kusoma vinasaba hakuhitaji awe hai. Kuna kimashine kinaitwa MinION, kinaenea kiganjani, unachomeka kwenye laptopu, uzi wa DNA, yaani vinasaba vyenyewe, unapita kwenye kitundu kidogo mno na umeme wa pale unabadilika kufuata herufi zinazopita, kompyuta inazisoma. 2015 walikibeba kwenye mizigo mpaka Guinea kusoma kirusi cha ebola. Hospitali ya St Thomas' kule London teknolojia hiyohiyo wameitumia kwa wagonjwa mahututi wa ICU, majibu siku hiyohiyo.
Ila kwa mtoto ndo kuna kazi. Mtu mzima unamwambia kohoa tema, mtoto anameza. Ukipangusa puani, nyumokokasi, bakteria anayeleta nimonia, anakaa hata kwenye pua za watoto wasioumwa wanaocheza nje, mashine itamtaja na huenda siye aliyeleta kichomi. Na sampuli imejaa DNA ya mtoto mwenyewe, lazima uipunguze kwanza.

NesiMstaafu_Lindi:
Mwanangu MamaNewala, pole. Nyingi ya hizi ni virusi, utafiti wa PERCH wa 2019 kwa watoto waliolazwa nchi 7, Kilifi ya Kenya ikiwemo, ulikuta RSV, kirusi cha njia ya hewa, anaongoza. Mimi nasema tuanze na saa yenye mshale: miezi 2 hadi 11 pumzi 50 au zaidi kwa dakika, mwaka mpaka mitano pumzi 40, au kifua kinabonyea akivuta, usingoje kukuche. Na chanjo ya nimonia wiki ya 6, 10 na 14, kadi yake ikoje?

Kaka_Nachingwea:
Mama shikamoo, nakuheshimu ila hapo naomba kupinga kidogo. Kuhesabu pumzi kunakwambia ana nimonia, hakukwambii nani kaileta. Kuna bakteria anaitwa maikoplazma, hana ukuta wa seli ambao ndo amoksilini inaushambulia, kwa hiyo haimgusi, mtoto anamaliza dozi bado anahema, huyo ndo anahitaji mashine. Tuanze hospitali ya kanda pale Mitengo, Mtwara, tusingoje ifike kila zahanati. Shida ninayoiona ni vifaa vyake, vinataka friji muda wote na sote tunajua barabara ya Somanga ya kutoka Dar ikikatwa na mvua inakuwaje.

MamaNewala:
Asanteni sana, shikamoo mama. Mpimaji umenifungua macho, nilimpa dawa ya dukani siku mbili kabla ya kumpeleka na hakuna aliyeniuliza, na mimi sikusema. Kadi nimeitazama sasa hivi, wiki ya 14 haijajazwa, tulikuwa shambani kwenye korosho. Kesho asubuhi naenda nayo kliniki.