CBBS ya Chicago, 1978: laini moja ya simu ilitoshaje?

Mdadisi
Wakuu, nataka kuunda upya mfano wa CBBS, ule ubao wa matangazo wa kompyuta, wa kuupigia simu, wa Ward Christensen na Randy Suess, uliofunguliwa 16 Februari 1978. Kompyuta ilikaa peke yake nyumbani kwa Suess. Ikikwama, nani aliiwasha upya? Na je, XMODEM, ile kanuni ya kutumiana faili kwa modemu (kifaa kinachounganisha kompyuta na laini ya simu), ilitungwa kwa ajili yake?

fundi_8080
Suess alishughulikia vifaa, Christensen akaandika programu kwa asembli (lugha iliyo karibu na ya mashine) ya chipu ya 8080. Jibu la swali lako liko kwenye mlio wa simu: simu ikilia, kompyuta inaanza upya na kupakia programu kutoka kwenye diski. Kwa hiyo kila mpigaji alikuta mashine mpya, hata kama aliyemtangulia aliiacha imekwama. Kwangu hilo ndilo wazo zuri kuliko yote pale.

Angalia mtego mmoja kwenye mfano wako. Programu ikikwama bila modemu kuachia laini, anayefuata anasikia mlio wa "inatumika", simu hailii kabisa, na mashine haiwaki upya. Modemu ikate laini yenyewe mawimbi ya mpigaji yanapopotea, na ujumbe uandikwe kwenye diski mara tu mtu anapouhifadhi. Usisubiri aage.

Biti_na_Baiti
Naongezea upande wa modemu. Kwa biti 300 kwa sekunde, kila herufi inakula biti 10 (ya kuanzia, 8 za data, ya kumalizia), yaani herufi 30 kwa sekunde. Mstari wa herufi 60 unachukua sekunde 2 nzima, basi fupisha menyu zako. Anayepiga anatumia milio ya Hz 1070 na 1270, anayepokea 2025 na 2225, ndiyo maana pande zote mbili zinasema kwa wakati mmoja. Ukiziweka zote kwenye hali ya kupiga, hazitasikizana kamwe.

XMODEM hapana, ni ya 1977, ilitangulia.

Mdadisi
Asante. Sasa faili la KB 16 lingechukua muda gani?

fundi_8080
XMODEM inakata faili vipande vya baiti 128, kila kimoja na baiti 4 za ziada: alama ya mwanzo, namba ya kipande, kinyume cha namba hiyo, na jumla ya uhakiki. KB 16 ni vipande 128, sawa na baiti 16,896. Gawa kwa 30: zaidi ya dakika 9, bila kuhesabu majibu ya mpokeaji. Muda wote huo laini imeshikwa.

Weka biti 8 za data bila pariti (biti ya kukagua makosa), la sivyo programu inafika imeharibika. Halafu usiiamini mno ile jumla: ni baiti moja tu, na baiti mbili zikibadilishana nafasi inabaki ileile. CRC ya biti 16, uhakiki ulio makini zaidi, iliongezwa baadaye kwa sababu ya makosa yanayoipita jumla hiyo.