Ujerumani: acheni kuwapangisha wageni vyumba "bila Anmeldung", mnawafungia kila mlango

Wakuu,

Uzi huu naufungua nikiwa na hasira. Mwenye ndugu anayejiandaa kwenda Ujerumani asome, na mwenye chumba anachopangisha huko asome mara mbili.

Kwenye magrupu ya Waswahili walioko kule tangazo ni lile lile: chumba kipo, kitanda kipo, intaneti ipo, Anmeldung hakuna. Mgeni aliyetua juzi analisoma hilo la mwisho kama vile ameambiwa hakuna mashine ya kufulia. Anatuma pesa. Hajui kwamba ameshajifungia benki, kazi na kibali cha kuishi kwa mkupuo mmoja.

Anmeldung ni kujiandikisha kwenye ofisi ya wakazi ya mji unaoishi. Sheria inakupa wiki 2 tangu kuhamia. Ofisi yenyewe haitaki barua ya mwenyekiti wa mtaa wala stakabadhi za kodi, na mkataba wa pango peke yake hautoshi. Inataka pasipoti, fomu yao, na karatasi moja iliyosainiwa na anayekupa makazi, inaitwa Wohnungsgeberbestätigung. Ni nusu ukurasa tu: jina na anwani ya anayekupangisha, jina la mmiliki kama ni mtu mwingine, anwani ya nyumba, tarehe ya kuhamia, na majina ya wote wanaohamia. Dakika 5 zinatosha kuijaza. Tangu Novemba 2015 mwenye nyumba analazimika kuitoa, si hisani. Akikataa, unatakiwa uiarifu ofisi ya wakazi bila kuchelewa, na yeye anaweza kupigwa faini inayofika euro 1,000.

Sasa kwa nini wanakataa? Kwa sababu wengi wanaopangisha hivi si wamiliki. Wamepanga nyumba nzima, wanakatia chumba mtu mwingine bila ruhusa ya mwenye nyumba, na wakijulikana wanaweza kufukuzwa. Kwa hiyo wanachukua kodi yako kila mwezi na hatari yote wanakubebesha wewe. Anayepangishwa chumba na mpangaji mwenzake anaweza kuandikiwa karatasi na huyo huyo mpangaji, sheria inaruhusu. Anachokwepa huyo mpangaji ni kumwomba ruhusa mwenye nyumba.

Tazameni kinachofuata. Namba ya mlipa kodi ya serikali, Steuer-ID, yenye tarakimu 11, inakuja kwa posta baada ya wiki kadhaa, kwenye anwani uliyojiandikisha. Huna anwani, barua haiji. Mwajiri asipokuwa na namba hiyo anaweza kukukata kodi kwa daraja la VI, lenye makato makubwa kuliko yote na lisilo na msamaha wowote wa kodi. Mtu anafanya kazi mwezi mzima ghalani, mshahara unaingia umenyofolewa, halafu anaambiwa na aliyempangisha kwamba Ulaya ndivyo ilivyo. Sivyo ilivyo! Zile pesa zilizozidi zinarudishwa, lakini mpaka namba ipatikane na hesabu ya kodi ifanyike.

Wanafunzi ndio wanaoumia zaidi. Tangu Septemba 2024, anayeomba viza ya masomo kwa njia ya akaunti iliyofungwa, yaani pesa za matumizi zinazuiwa na kutolewa kidogo kidogo, anaweka euro 11,904 za mwaka, sawa na 992 kwa mwezi. Familia imeuza kiwanja. Ile 992 hupewi mkononi: inatumwa kila mwezi kwenye akaunti ya kawaida yenye jina lako. Benki nyingi nazo zinataka cheti cha kujiandikisha ndipo zikufungulie. Kwa hiyo kijana ana karibu euro 12,000 na anakopa hela ya mkate, kisa nusu ukurasa ambao mtu kakataa kusaini.

Kwa aliyekwama benki: tangu Juni 2016 kila anayeishi Umoja wa Ulaya kihalali ana haki ya akaunti ya msingi, Basiskonto, hata kama hana makazi ya kudumu. Usiombe kwa mdomo dirishani, utapigwa danadana. Jaza fomu yenyewe ya Basiskonto, omba nakala yenye tarehe. Benki ina siku 10 za kazi kujibu, na ikikataa lazima iseme sababu kwa maandishi. Jibu hilo unaweza kulipeleka kwa BaFin, msimamizi wa mabenki.

Halafu sanduku la barua. Sisi tumezoea S.L.P., barua inaenda posta na mtu anaifuata. Kule mleta barua anatazama majina kwenye visanduku vya mlangoni, jina lako lisipokuwepo anairudisha ilikotoka. Kadi ya benki na namba ya siri huja kwa bahasha mbili tofauti, siku tofauti. Ikirudi moja, unaanza upya. Bandika jina la ukoo siku ile ile unayohamia, na liwe lile lililoandikwa kwenye sehemu ya ukoo katika pasipoti, si jina la baba unalotumia nyumbani. Ukikatazwa kubandika, kwenye anwani zako zote andika c/o na jina lililoko kwenye kisanduku. Na anayekukataza hata hilo, hama.

Kuna wizi mwingine mdogo unaoniudhi sana. Ada ya redio na televisheni, Rundfunkbeitrag, ni euro 18.36 kwa mwezi kwa nyumba nzima, hata mkiwa 5 ndani. Wapo wanaokusanya 18.36 kutoka kila chumba! Barua ya ada ikikufikia baada ya kujiandikisha usiitupe, deni linaongezewa faini. Mwombe mwenye kulipa namba yake ya ada, ijibu barua ukiitaja namba hiyo, kisha gawaneni sawa.

Kibali cha kuishi: ofisi ya wageni inayokuhusu inafuata anwani uliyojiandikisha, kwa hiyo hapa pia unarudi kwenye karatasi ile ile. Miadi inaweza kuchukua miezi. Cha muhimu ni ombi lenyewe liingie kabla viza haijaisha, kwa mtandao au kwa maandishi, na uhifadhi uthibitisho. Likiingia kwa wakati, haki zako zinaendelea mpaka wajibu, na unaweza kudai cheti cha mpito, Fiktionsbescheinigung. Likichelewa hata siku moja unawategemea wao wakuonee huruma. Picha za karatasi za Kariakoo usibebe: tangu Mei 2025 wanapokea picha za kidijitali tu, unazopiga studio iliyoidhinishwa au kwenye mashine ya ofisini kwao.

Leseni ya udereva ya Tanzania au Kenya inatumika miezi 6 tu tangu uanze kuishi kule, kisha mtihani wa nadharia na wa barabarani, vyote viwili. Kiswahili hakimo kwenye lugha za nadharia, Kiingereza kimo.

Mwisho, wanaouza anwani. Mnawaandikisha watu kwenye nyumba wasizolala, mnachukua pesa, barua zao hamuwapi. Faini ya kutoa anwani ya uongo inaweza kufika euro 50,000, na mgeni aliyeinunua naye ana kesi, tena huku kibali chake kikisubiri kuamuliwa.

Moderator, naomba tangazo lolote la chumba Ujerumani lisilosema wazi kwamba karatasi ya kujiandikisha itatolewa, na kuanzia tarehe gani, liondolewe. Na mliokwisha kukataliwa karatasi hiyo, wekeni hapa mji na tarehe mliyohamia, tuwaelekeze ofisi ya kwenda na barua ya kuandika.