Shawa ya umeme ya 6 kW, mita 28 kutoka kwenye breka: waya wa 4 mm² unatosha?

Bafu_la_Nyuma
Wakuu, nafunga shawa ya umeme ya 6 kW, umeme ni volti 230. Kutoka ubao wa breka hadi bafuni ni mita 28, sehemu kubwa juu ya dari chini ya mabati, ndani ya bomba moja na waya za soketi za vyumbani. Nimeshauriwa breka ya ampea 32 na waya wa 4 mm². Mwingine anasema 2.5 unatosha kwa sababu soketi zote zinatumia huo. Nifuate lipi?

Mizigo_na_Breka
Habari ya 2.5 iishie hapo hapo. 6000 gawanya kwa 230 unapata ampea 26. Waya wa shaba wa 2.5 wenye ganda la PVC, ndani ya bomba, kwenye nyuzijoto 30, uwezo wake ni ampea 24. Tena soketi ni nadra kuvuta zote kwa pamoja. Shawa inavuta 26 yake yote tangu maji yanapofunguliwa hadi yanapofungwa.

Kanuni: mzigo usizidi breka, breka isizidi uwezo wa waya. Mzigo wako ni 26, breka ya 25 ni ndogo, kwa hiyo ni 32. Waya nao lazima ubebe 32 au zaidi *baada ya* kupunguziwa kwa sababu ya joto na msongamano wa waya ndani ya bomba. Hapo ndipo wengi wanapojikwaa, maana wanasoma jedwali la uwezo wa waya na kuishia hapo.

Jedwali, ndani ya bomba: 1.5 ni ampea 17.5; 2.5 ni 24. 4 ni 32. 6 ni 41. 10 ni 57. Chini ya mabati mchana, nyuzijoto 40 si ajabu, zidisha kwa 0.87. Waya wa 4 unabaki na 27.8, tayari uko chini ya breka. Wa 6 unabaki na 35.7, unafaa. Lakini ukiupitisha bomba moja na sakiti nyingine unazidisha tena kwa 0.8, na huo wa 6 unashuka hadi 28.5.

Kwa hiyo: 6 mm², bomba lake peke yake. Wa 10 ungebeba hata ndani ya bomba la pamoja, ila shawa nyingi hazina tundu la kuupokea, na fundi ataishia kukata baadhi ya nyuzi ili uingie. Usikubali hilo.

Volti_Zapotea
Naongezea umbali. Waya wa 6 hupoteza milivolti 7.3 kwa kila ampea kwa kila mita, kwa hiyo 7.3 × 26 × 28 ni volti 5.3, yaani 2.3%. Wa 4 (milivolti 11) ungepoteza volti 8. Wa 2.5 (milivolti 18) ungepoteza 13, ambayo ni 5.7%, na kikomo cha kawaida kwa mzigo kama huu ni 5%. Usizidishe mita mara mbili. Namba hizo zimeshahesabu kwenda na kurudi.

Bafu_la_Nyuma
Nimeelewa, bomba jipya basi. Waya wa ethi uwe kiasi gani? Na breka ikijikata mara kwa mara naweza kupanda hadi 40?

Mizigo_na_Breka
Hapana kwa 40. Huo wa 6 kwenye joto la dari lako mwisho wake ni 35.7, mkondo ukizidi hapo ganda lingeweza kuungua huku breka ikitazama tu. Ikijikata, kagua kwanza skrubu za breka na za shawa. Skrubu iliyolegea huchemsha kiungo, na joto hilo hupanda hadi ndani ya breka.

Ethi weka 6 vilevile. RCD (kifaa kinachokata umeme unapovuja) ya mA 30, yaani miliampea 30, ni lazima, swichi ya shawa ikate laivu na nyutro pamoja, na waya usiwe na kiungo chochote njiani.

Kipimo_cha_Uzi
Ukinunua, usiamini unene wa ganda. Waya wa 6 wenye nyuzi 7, kila uzi una kipenyo cha karibu milimita 1.04, wa 4 ni 0.85. Uzi ukitoka 0.9, umeuziwa kama 4.5 kwa jina la 6. Kisha kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe ndani ni aluminiamu iliyopakwa shaba, na hesabu zote za hapo juu haziuhusu.